Diski Iliyojila

Asubuhi ile kompyuta ya studio ilichelewa kuamka. Elda aliisubiri akiwa amesimama, mkoba ungali begani, na ilipowaka akafungua kile kiprogramu kinachopima afya ya diski. Namba aliyoikuta haikuwa ile ya mwezi uliopita. Mwezi uliopita diski ilikuwa karibu nzima. Sasa ilikuwa imeshuka chini ya nusu, kama pipa linalovuja bila mtu kuyaona maji.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Rumonge, kati ya muuza mawese na fundi wa simu. Mbele palitolewa fotokopi na kupigwa picha za vitambulisho. Nyuma ya pazia la kijani, Exaucé, mume wake Elda, alikata na kuunga filamu za harusi za watu wa pwani nzima, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac. Kila walichopiga kilikaa ndani ya diski moja tu ya SSD, nyembamba kama biskuti. Kadi za kamera zilifutwa kila baada ya harusi ili zitumike kwenye harusi nyingine. Waliwahi kuwa na diski ya pili ya kuwekea akiba. Mtoto wao Heri aliiangusha sakafuni, na haikununuliwa nyingine.

Elda akampigia simu Darius, fundi wa Bujumbura aliyewauzia ile diski.

"Amahoro, Darius. Diski ulituuzia, afya yake inashuka mbio sana. Ni mambo gani?"

"Nisomee namba ya modeli, Mama Heri."

Akamsomea herufi na namba zilizokuwa kwenye skrini.

"Aa, hiyo naijua. Iko na kasoro mu firmware, ile programu ndogo inaishi ndani ya diski yenyewe. Inafanya diski ijiandike-andike bure, hata kama hamufanye kazi. Na SSD, mama, kila ukiiandika inalika kidogo, sawa soli ya kiatu. Hii yenu iko inatembea hata wakati mumelala."

"Kumbe inajila."

"Njo vile, inajila. Wenye kuitengeneza walishatoa mise à jour, programu mpya ya kuondoa hiyo kasoro. Mukiiweka, itaacha. Lakini unisikie vizuri. Ile imeshalika haitarudi. Na mbele ya kugusa kitu, mukopiye vyote pembeni. Na kuran, umeme ule, isiende wakati mise à jour iko inaendelea. Ikienda mu katikati, usinipigie tena, hakuna kitu nitafanya."

Exaucé alipofika, amebeba miguu ya kamera begani, Elda alimweleza neno kwa neno. Alisikiliza huku akitafuta waya.

"Mama Heri, mashine inatumika ao haitumike?"

"Inatumika."

"Basi iache itumike. Kiangazi ndiyo hii, kila wiki tuko na harusi. Kopi tutaiweka wapi, mu kichwa yangu? Na onduleri ilikufa tangu Pasaka."

Onduleri ni lile sanduku la betri linaloishika kompyuta umeme ukikatika. Lao lilikuwa chini ya meza, limevimba ubavu. Sasa Elda aliegemeza mguu juu yake akifanya kazi.

Exaucé hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema wiki ijayo.

*

Kornelia alikuja siku ya soko. Alikuwa mama wa makamo, anatembea kwa fimbo, na aliacha wenye fotokopi wote wahudumiwe kwanza ndipo akasogea. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, cha watu walioishi makambini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani.

"Samahani, dada. Namtafuta Bwana Exaucé, yule wa filamu."

Elda aligeuka. Kwenye upenyo wa pazia Exaucé alikuwa akimtikisia kichwa: sema sipo. Alikuwa akifanya hivyo kwa wateja wote waliokuja kudai.

"Ametoka kidogo, mama. Ni filamu gani?"

"Ya Anita wa Nyanza-Lac, aliyeolewa na Emery. Mimi ni mama yake."

Elda akatabasamu. Alimkumbuka Anita vizuri. Alikuja pale mara mbili kuulizia filamu yake, na mara ya mwisho tumbo lilikuwa limetangulia mbele. Akaegemea kaunta akacheka: "Mama Heri, nitazaa kabla hiyo filamu haijatoka!" Exaucé alimwambia wiki ijayo.

"Iko karibu kwisha, mama. Anita mwenyewe anajua, tulimuambia..."

"Anita amefariki," Kornelia akasema. "Wakati wa kujifungua. Damu haikukatika."

Pazia likasogea. Exaucé akatoka, vile vya kusikilizia masikioni vikining'inia shingoni, akampa Kornelia mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana. Hatukusikia." Kornelia alimtazama yeye, akalitazama pazia lililokuwa bado linacheza, akapokea ile pole. Kuhusu pazia hakusema neno. Elda alihisi uso wake ukiwaka kwa aibu.

Wakampa kiti. Akakaa na fimbo yake kati ya magoti.

"Siku ya harusi nilikuwa nimelazwa Bururi, nimepasuliwa," alisema. "Sikumwona mwanangu akiolewa. Jioni yake alinipigia simu. Akasema, mama, nimekuwekea neno kwenye filamu. Nimemwambia mpiga picha awatoe watu wote chumbani, nikasema peke yangu. Nikamwuliza, neno gani? Akasema, utalisikia mwenyewe. Basi kila tukionana namwuliza, na yeye ananicheka tu. Ikawa mchezo wetu." Akakohoa. "Mwisho wa mwezi tunamaliza kilio. Nataka nilisikie hilo neno kabla watu hawajafika. Mengine mtanipa mtakapoweza."

"Ile chumba naikumbuka," Exaucé akasema. "Ni kweli, alitoa watu. Mama, utaipata mbele ya siku ile. Nakuahidi."

"Kama kuna kilichobaki kulipwa, niambieni."

"Hatukudai kitu, mama," Elda akajibu haraka. "Emery alimaliza yote siku ileile."

Alipoondoka, Elda aliketi kwenye kompyuta akatafuta mpaka akakiona kile kipande. Anita yuko chumbani, amevaa shela, anazungumza na kamera. Lakini sauti haikuwepo. Kulisikika jenereta tu, lililokuwa likinguruma nyuma ya nyumba.

"Sauti iko pembeni, mu faili ingine ya diski hii hii," Exaucé akamwambia. "Nilimuvalisha kinasa kidogo. Nitaitafuta niiunge. Usiguseguse, utanichanganyia vitu."

Akarudi kwenye harusi ya Kabezi aliyokuwa akiikata.

*

Tangu siku hiyo Elda alianza kuitazama ile namba kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Ilikuwa ikishuka. Siku nyingine taratibu, siku nyingine kwa kuruka. Alikuwa akipika na kuiwaza, akimwogesha Heri na kuiwaza: kitu kidogo ndani ya sanduku la bati kinatafuna harusi za watu, na Anita yumo.

Exaucé alipokwenda Magara kupiga harusi ya mfanyabiashara wa samaki, Elda aliweka kibao cha kufunga mlangoni. Umeme ulikuwa umetulia tangu alfajiri. Alishusha ile mise à jour kwa intaneti ya simu, akaisoma mara nyingi, Kifaransa chake cha shule kikimsaidia nusu na kumwacha njiani nusu. Onyo lilikuwa kwa herufi nzito: weka akiba ya data zako kwanza. Akatazama pembeni ya meza, mahali ilipokuwa diski ya pili zamani. Akafumba macho, akasali kwa sauti ndogo kama mtu anayeombea homa ya mtoto, akabonyeza.

Mstari mdogo ukaanza kusogea. Taa ya dari ilififia mara moja, ikarudi. Muuza mawese wa jirani alikuwa akigombana na mteja juu ya chupa pungufu, na Elda alitamani kutoka nje awaambie wanyamaze, kana kwamba kelele zao zingeweza kukata umeme. Mstari ukafika mwisho. Kompyuta ikazima, ikawaka yenyewe. Mafaili yote yalikuwepo. Akamfungua Anita, akamwona anazungumza ndani ya ngurumo ya jenereta, akacheka peke yake.

Siku zilizofuata namba haikushuka tena. Elda alishindwa kujizuia.

"Baba Heri, nilifanya ile kazi. Imepona."

"Kazi gani?"

"Mise à jour. Angalia. Inasimama palepale."

Exaucé alitazama, akapiga mluzi. Kwanza alikunja uso kwa sababu hakuulizwa, kisha akamshika bega. "Muke wangu injenieri," alisema. "Imepona kweli?"

"Imepona."

Alilisema bila kufikiri. Darius alikuwa amemweleza kwamba kilicholika hakirudi, naye alikuwa amesikia. Lakini ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amwite injenieri, au amwite chochote zaidi ya Mama Heri. Siku hizo angeweza kununua flash sokoni akakitia kile kipande. Angeweza hata kukipiga kwa simu yake kutoka kwenye skrini. Hakufanya, kwa sababu Exaucé alikuwa ameahidi kukiunga na sauti yake, na kwa sababu diski ilikuwa imepona.

Wiki ile Exaucé alirudi na kazi kubwa kuliko zote za mwaka: harusi ya mtoto wa Leonsi. Leonsi alikuwa na mashine za kukamua mawese na malori ya kuyapeleka Bujumbura. Harusi ilipigwa kwa kamera tatu na ile ndogo inayoruka juu ya watu. Exaucé aliyamwaga yote ndani ya diski kwa mkupuo, akaanza kukata, akafuta, akamwaga tena. Elda aliona namba inaanza kushuka upya. Safari hii haikuwa kasoro ya programu. Ilikuwa kazi halali inayomalizia kilichobaki.

"Baba Heri, ya Mama Anita umeunga?"

"Wacha nimalize ya mzee. Ile ya Anita ni kitu ya dakika kidogo."

*

Diski ilijifunga alasiri, mawingu ya mvua yakiwa yamekaa juu ya ziwa ingawa haukuwa msimu wake. Exaucé alijaribu kuhifadhi kazi, kompyuta ikakataa. Alijaribu tena. Ikamwambia haiwezi kuandika.

Elda alimpigia Darius, akaiweka simu kwenye kipaza sauti.

"Mafaili munayaona?" Darius aliuliza.

"Tunayaona. Yanafunguka."

"Basi imefika mwisho, imejifunga ili isiandike tena. Sikieni. Musizime hiyo mashine. Musizime! Hiyo modeli ikizimika mara moja, haionekane tena. Kopiyeni sasa hivi, kile muko nacho cha maana zaidi mukianze."

Walikuwa bado wanatazamana wakati Leonsi alipoingia. Alikuwa amevaa kofia nyeupe, na mkononi ana boksi jipya. Binti yake aliyeko ng'ambo alikuwa akiisubiri filamu ya kaka yake, hivyo mzee alinunua diski ya nje, kubwa, akaja nayo mwenyewe aondoke na kazi mkononi. Exaucé alilitazama lile boksi kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa majini.

"Mzee, Mungu amekuleta. Mashine ina shida kidogo. Tunaanza kukuwekea sasa hivi, mbichi zote, kukata nitakata nyuma."

Leonsi akavuta kiti, akakaa akiielekea skrini. "Shida gani? Mwanangu hajapotea humo?"

"Hajapotea, mzee."

Waliichomeka. Elda aliinama sikioni kwa mumewe. "Tuanze na Anita. Yake ni ndogo. Itapita upesi, halafu ya mzee."

"Anita ni nani?" Leonsi akauliza. Masikio yake yalikuwa mazima.

Elda akajibu yeye. "Ni bibi harusi wa Nyanza-Lac, mzee. Alikufa akizaa. Mama yake hajaona harusi yake. Ni kipande kidogo tu, tukikopie kwa diski yako, halafu tutakiondoa. Tunakuomba."

Mzee aliuinua mkono wake, kiganja mbele. "Hapana, mama. Poleni kwa huyo binti, lakini hapana. Harusi ya mwanangu haiwezi kupanda gari moja na marehemu. Sijui nyinyi mnasali wapi. Mimi kitu hicho sikitaki. Na hii diski nimeinunua mimi."

Elda alimtazama mume wake. Exaucé alikuwa anaitazama skrini.

"Tunaanza na ya mzee," alisema polepole. "Ni diski yake."

Mstari wa kukopia ukaanza kutambaa. Ulikuwa mzito. Filamu za Leonsi zilikuwa nyingi na ile diski iliyochoka ilizitoa kwa kusitasita, kama mtu mzee anayehesabiwa mizigo. Nje upepo ulikuwa umeanza kupiga mabati ya soko. Elda akatoa simu yake. Akili ilikuwa imemjia: kipande kifunguke pembeni ya skrini, akipige kwa simu, hata bila sauti. Akauweka mkono kwenye kipanya.

Exaucé akamshika kifundo cha mkono. Hakumshika kwa nguvu nyingi, ila hakumwachia.

"Utaiangusha," alisema kwa meno. "Ina mzigo ya kutosha. Unataka tupoteze vyote?"

"Niachilie."

"Si mbele ya mteja, Mama Heri."

Leonsi alitazama ukutani, kwenye picha za vitambulisho zilizobandikwa. Elda aliuondoa mkono wake. Akarudi nyuma ya kaunta, akamhudumia mwanafunzi aliyetaka fotokopi ya diploma yake, akaiweka karatasi juu chini ikatoka nyeupe, akairudia.

Mvua ilianguka yote kwa pamoja. Radi moja ikapiga upande wa ziwa. Taa ikafifia, ikarudi, ikafifia. Exaucé alisimama na kuishika kompyuta kwa mikono miwili, kama angeweza kuizuia isiondoke. Halafu chumba kizima kikanyamaza, na feni ya mashine ikasikika ikipungua, ikipungua, mpaka ikasimama.

"Yangu imepita?" Leonsi akauliza gizani.

"Kanisa na ukumbini, mzee. Imebaki kidogo ya jioni."

"Si mbaya." Aliichomoa diski yake, akaifuta kwa leso, akairudisha kwenye boksi lake. Mlangoni alisimama kusubiri mvua ipungue, akawaaga kwa heshima zote.

Umeme uliporudi waliwasha. Kompyuta ikasema haioni diski yoyote.

*

Darius alipelekewa ile diski Bujumbura kwa mkono wa dereva. Jibu lake lilikuwa fupi: imekufa. Wako watu Ulaya wanaoweza kujaribu kuifungua, na bei yao ingenunua studio pamoja na kilichomo.

"Tutamuambia Mama Anita wezi walivunja," Exaucé akasema. Walikuwa nyumbani, wana ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mezani, na hakuna aliyekuwa anakula.

"Wezi?"

"Watu wanaelewa wizi. Mutu akisikia habari ya programu iko ndani ya diski, atasema tunamucheka."

"Yule mama alisimama mbele yangu na fimbo yake, wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Sasa unataka nimupelekee wezi?"

"Na wewe nani alisema imepona?" Alilitupa lile neno, kisha akaonekana kujuta. "Sikukugombeza kwa ile, Elda. Naomba na wewe usinigombeze."

Elda aliondoa sahani. Jikoni, maji yakimwagika juu ya mikono yake, alijua kwamba mume wake alikuwa amesema kweli, na kwamba kweli hiyo haikupunguza kitu upande wa pili. Kesho yake alimwachia jirani mtoto, akaenda Nyanza-Lac.

*

Nyumba ya Protasi na Kornelia ilikuwa juu kidogo ya barabara, katikati ya michikichi michanga waliyoipanda waliporudi. Uani palikuwa pamefagiliwa. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja tu, na viti vya kanisa vimeegemezwa ukutani. Sebuleni, juu ya meza, kulikuwa na televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Tumeiazima kwa mwalimu mkuu," Protasi, mume wa Kornelia, akamweleza Elda huku akimkaribisha. Alikuwa mzee mrefu aliyefundisha shule za makambini ujana wake wote. "Mama Anita alikuwa na wasiwasi kama ile yetu ya zamani ingesoma filamu yenu. Karibu, karibu binti. Umekuja nayo mwenyewe, si kazi ndogo hiyo."

Kornelia alitoka chumbani akiwa amembeba mgongoni mtoto mchanga aliyeachwa na Anita. Alimtazama Elda mikononi kwanza. Mikono ilikuwa na mkoba mdogo tu wa kike. Akaketi taratibu.

"Sema," alisema.

Elda alisema. Alianzia kwenye ile namba iliyokuwa ikishuka, akaeleza jinsi diski zile zinavyolika, jinsi yeye mwenyewe alivyoirekebisha bila kuweka akiba na kutangaza kwamba imepona. Akasema habari ya Leonsi, na diski yake, na nani alitangulizwa. Hakumtaja kwa jina, alimwita mteja mwingine. Akasema kwamba siku Kornelia alipokuja, Exaucé alikuwa nyuma ya pazia.

"Hilo nililijua," Kornelia akasema.

Protasi alikuwa amesimama. "Mwaka karibu mzima," alisema. "Mtoto alikuja kwenu kwa miguu yake kuiomba. Na tumbo lake. Mwaka mzima mnamwambia wiki ijayo, halafu mnatwambia chombo kimechakaa?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. Alikwenda kwenye televisheni, akakinyoosha kile kitambaa ambacho hakikuwa kimekunjika. "Mwalimu mkuu nitamwambia nini mimi?"

Elda alipiga magoti pale sakafuni, kama walivyomfundisha kwao Fizi, upande wa Kongo, kuomba msamaha kwa wazazi. Kornelia hakumwambia ainuke, wala hakumwambia abaki.

"Mume wako alikuwepo chumbani," Kornelia akasema mwishowe. "Alisikia. Mpigie."

Elda akapiga, akaiweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Baba Heri, niko kwa Mama Anita. Wanakusikia. Siku ile mu chumba, Anita alisema nini kwa mama yake?"

Kwenye simu ilisikika mashine ya fotokopi ikifanya kazi.

"Mama, amahoro. Mama, unisamehe sana." Exaucé alisita. "Alisema... Nazani alisema aksanti. Aksanti kwa kumulea. Na kitu ingine ya njia, ao ya shule. Nilikuwa naangalia mwanga wa dirisha, mama, ulikuwa unampiga mu uso. Nilikuwa naangalia picha. Maharusi wote wanasema karibu vile."

Kornelia alinyoosha mkono akaikata simu yeye mwenyewe. Hakuwa ameizoea simu ya namna ile. Alibonyeza mara kadhaa mpaka ikazima.

Mtoto mgongoni alianza kulia. Akamfungua, akampakata, akampa chupa. Wote watatu wakamtazama mtoto akinyonya, kwa sababu kilikuwa kitu pekee kinachotazamika mle ndani.

"Wewe ulimwona," Kornelia akasema bila kuinua macho.

"Nilimwona, mama. Bila sauti."

"Niambie ulichokiona. Usiniongezee."

Elda alikaa vizuri. Alifumba macho ili asiongeze. "Alikuwa amekaa kitandani. Shela ilikuwa inamufunika mpaka hapa, akaiondoa kwa vidole viwili. Kwanza aliangalia mlango, kama anasikiliza kama kuna mutu. Halafu akaanza kuongea. Aliongea mbio mbio, halafu polepole. Mu katikati akacheka, akaficha meno kwa mukono, hivi, kwa nyuma ya mukono. Machozi yakamujia, akayafuta hapa, kwa kifundo, asiharibu poda. Halafu akasema kitu kifupi, akaonyesha kamera kwa kidole, sawa vile mutu anamuonya mutoto. Ikaisha."

"Kwa mkono upi?"

"Namna gani, mama?"

"Aliyafuta machozi kwa mkono upi?"

Elda akawaza. Akaugeuza mwili wake uelekee upande aliokuwa amekaa Anita. "Wa kushoto."

Protasi akatoa pumzi. "Alikuwa wa mashoto," alisema. "Nilimchapa sana kwa ule mkono darasani. Wote tulimchapa. Nilitaka aandike kwa wa kulia kama wenzake."

Nje mtu alikuwa akipiga hodi, majirani walikuwa wameleta viti vingine, na Protasi akatoka kuwaonyesha pa kuviweka. Walisikia akiwaambia kwamba televisheni haitatumika, ni mashine tu imeharibika, waendelee na turubai.

Kornelia alimlaza mtoto mapajani, akamwekea chupa kwenye mto mdogo isianguke. Mikono yake ikawa huru. Akauinua wa kushoto hadi usoni, akausimamisha karibu na jicho, kifundo kikielekea juu.

"Hivi?"

Elda alisogea kwa magoti, akaushusha ule mkono kidogo, akaugeuza ndani.

"Hivi, mama."

Kornelia akaupitisha mkono chini ya jicho, kutoka puani kwenda nje, polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuharibu poda.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu kidole."

Kornelia akakinyoosha kidole, akakikuta kinaelekea kwenye kile kitambaa cha kufuma juu ya televisheni. Akakiacha palepale kwa muda. Kisha akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akamwambia Elda aondoke kabla wageni hawajaanza kumwuliza yeye ni nani.